Mtoto Akiugua, Mtoto Akifa: Tunasimuliana Nini?

Maneno tuliyosema mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wa Masisi na Walikale

 

Watu wakisikia kwamba shirika la amani limekuja kuzungumza, hungoja habari za silaha, za mashamba na za makabila. Leo hatutaanza huko. Tumekuja kuzungumza juu ya watoto wagonjwa, juu ya watoto waliokufa, na juu ya ndugu zao wadogo waliobaki wakitazama. Mtasema: hayo si ya daktari? Ndiyo, ni ya daktari. Lakini kuna sehemu ya ugonjwa ambayo haionekani katika tone la damu. Ni ile hadithi ambayo familia hujisimulia usiku, taa ikiisha kuzimwa: kwa nini mtoto wetu? Nani alifanya hivi? Hadithi hiyo ikiachwa gizani, huota meno. Nasi tumeona katika nchi hii kwamba meno hayo huuma majirani.

Tuseme wazi jambo ambalo kila mtu hapa analijua na wachache hulitaja mbele ya watu. Mtoto anapata homa Jumatatu. Jumatano anatetemeka na hatambui tena mama yake. Alhamisi amekufa. Malaria huua hivyo. Kipindupindu huua upesi zaidi: mtoto anaweza kucheza asubuhi na kuzikwa kesho yake. Kwa kuwa mambo yamekwenda mbio, moyo hukataa. Mtu hafi hivihivi tu, watu husema. Ndipo shangazi mmoja anakumbuka kwamba jirani alimpa mtoto kiazi. Jirani huyo ni wa kabila lingine, alifika kambini baada yetu, hana ndugu karibu. Neno *karuho* linatajwa. Kabla ya juma kwisha vijana wanakusanya mawe.

Hatukuja hapa kubishana kama sumu ipo au haipo duniani. Tunasema jambo dogo: mtoto aliyeharisha maji meupe kama maji ya mchele, katika kambi ambamo watu mia wanatumia choo kimoja, hakuhitaji adui ili afe. Na kila siku ambayo mtoto mgonjwa anazungushwa kwa watoa dawa ya karuho, badala ya kufikishwa kituo cha afya, ni siku iliyopotea. Baba aliyefiwa anaweza kuzika mtoto mmoja, na kwa ajili ya hadithi mbaya akasababisha mazishi mengine mawili. Ndiyo maana watu wa amani wanakuja kuzungumza juu ya homa.

Kuna hadithi nyingine yenye madhara, na hii tunaitaja kwa haraka kwa sababu sheria imekwisha kuisema: ile ya kumwita mtoto mwenyewe mchawi, hasa yatima, au mwenye kifafa, au anayekojoa kitandani. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi na inatoa adhabu kwa anayefanya hivyo. Kiongozi anayekubali mashitaka hayo katika barza yake anavunja sheria.

Sasa tuangalie bwaki, maana hapo tunaweza kujifunza jinsi ugonjwa na hadithi vinavyotembea pamoja. Katika Kivu wengi wanautambua: miguu inavimba, nywele zinageuka rangi na kuwa nyepesi, ngozi inabanduka, mtoto hataki kula, hacheki, hataki hata kuguswa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikuwa akifanya kazi Accra, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Aliona watoto wenye dalili hizo na vitabu vyake havikumsaidia. Akafanya jambo ambalo madaktari wengi wa wakati ule hawakulifanya: akawauliza akina mama wanauitaje. Wakamjibu kwa lugha ya Kiga, *kwashiorkor*, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Katika neno moja akina mama wale walikuwa wameweka habari nzima: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema, akabaki na uji mtupu, na huzuni yake. Mwaka 1935 Williams aliandika jina hilo katika gazeti la madaktari la Uingereza, na mpaka leo madaktari wa dunia nzima wanalitumia.

Lakini ugonjwa huohuo ulipata pia hadithi ya aibu. Pwani ya Kenya watu waliuita *chirwa*, wakasema umeletwa na wazazi waliovunja mwiko wa ndoa wakati mtoto bado ananyonya. Sikilizeni tofauti. Hadithi ya Accra inasema mtoto amekosa kitu, basi tumpe. Hadithi ya chirwa inasema wazazi wametenda uchafu, basi wajifiche. Mama anayeogopa kuchekwa hufunika miguu ya mtoto kwa kitenge na kuchelewa kwenda kituo cha lishe, na wakati huo maziwa ya dawa na zile pakiti za karanga zingeweza kumwokoa. Akina mama, tunawaomba msikie hili kutoka kwetu: bwaki si hukumu juu ya ndoa yenu. Mtu aliyekimbia Kitchanga au Nyabiondo akaacha maharagwe shambani, mbuzi, kuku na ng'ombe wa jirani aliyempa maziwa, atawalisha watoto nini? Vita ndivyo vilivyomwondoa mtoto kwenye chakula chake.

Baadhi yenu mtasema hadithi ni za kuchezesha watoto, na watu wazima wana mambo mazito. Wanyanga wa Walikale waliopo hapa watakataa. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, msimulizi mmoja wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke aliimba, akacheza na kusimulia kwa siku nyingi utenzi wa Mwindo, na maneno yake yakaandikwa. Mbelgiji Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga wenyewe, waliyachapisha mwaka 1969 Marekani, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu mbali sana na hapa wanasoma habari za mtoto wa misitu hii. Ni ajabu kwamba vijana wetu wengi hawajamsikia.

Ni nani Mwindo? Ni mtoto ambaye baba yake, mwami Shemwindo wa Tubondo, hakumtaka. Alitupiwa mikuki. Alizikwa akiwa hai, akatoka kaburini. Akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, na ile ngoma ikaelea, akaenda kumtafuta shangazi yake Iyangura. Baadaye akamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, kwa wafu. Angeweza kumwua. Alimrudisha nyumbani. Baba akakiri makosa yake mbele ya watu wote, na nchi ikagawanywa kati yao wawili. Watu wa Tubondo waliokuwa wamekufa wakafufuliwa. Hata hivyo Mwindo mwenyewe hakuwa mtakatifu: alikuwa na majivuno, na kwa ajili ya kuua mnyama mkubwa ambaye alikuwa rafiki wa Radi, alichukuliwa juu angani akateswa kwa baridi na jua mpaka moyo wake ukatulia. Aliporudi aliwapa watu wake amri. Miongoni mwa amri hizo, pamoja na kulima vyakula vingi na kutogombana, ipo moja ambayo tungependa iandikwe juu ya mlango wa kila kituo cha afya: wasimcheke mgonjwa au kilema anayepita kijijini.

Tazameni jinsi hadithi hii inavyomsaidia mtoto aliyeona mabaya. Mtoto wa miaka minane hawezi kusema mbele ya watu, "Baba alikimbia akaniacha na homa." Anaona aibu, na anampenda baba yake. Lakini ukimsimulia habari za Mwindo anaweza kuuliza, "Ndani ya ngoma kulikuwa na giza?" Anaweza kuuliza kama Mwindo alilia. Hapo mtu mzima mwenye hekima haharakishi kusema, "Aha, unazungumza juu yako." Anajibu swali lililoulizwa. Anasema, ndiyo, kulikuwa na giza, na alisikia maji. Kisha ananyamaza na kungoja. Mtoto atatembea ndani ya hadithi mpaka afike mahali pake mwenyewe, akitaka.

Na isiwe hadithi ya Wanyanga peke yao. Wahunde wana zao, Watembo wana zao, wasemao Kinyarwanda wana imigani na yule sungura wao Bakame mwenye akili nyingi. Tungefurahi sana kuona jioni moja ambapo bibi Mhunde na bibi Mhutu wanasimulia kwa zamu, watoto wote wakiwa wamechanganyika. Tangu vita vya mwaka 1993 vilivyoanzia Ntoto vikaenea Masisi, watoto wetu wamefundishwa hadithi moja tu juu ya majirani zao. Wanastahili nyingine.

Kuna ushuhuda wa karibu zaidi, ambao wengi wenu mliuishi. Ebola ilitangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa, na wengi walikuwa watoto. Ilifika Goma, na mwezi wa Agosti 2019 ilifika hata Pinga, huku Walikale. Chanjo ilikuwepo, dawa za majaribio zilikuwepo, magari na fedha vilikuwepo. Kilichokosekana mwanzoni ni imani. Mtu aliingia katika hema na miguu yake mwenyewe, akatoka ndani ya mfuko uliofungwa. Familia haikuona kilichotokea katikati. Na pale ambapo watu hawakuona, wakajaza wenyewe: wanaiba viungo, ni biashara ya wakubwa, ugonjwa wenyewe haupo. Vituo vikachomwa Katwa na Butembo. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko kutoka Kameruni aliuawa katika hospitali ya Butembo.

Kilichosaidia, kwa maoni yetu, ni mambo ambayo mtu wa kawaida angeyaelewa. Waliletwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili mama aweze kukaa nje na kumwona mtoto wake kitandani, na kumwambia maneno. Familia ziliruhusiwa kuwepo kwenye mazishi, kuomba, kuweka udongo. Huko Beni na Butembo zikafunguliwa nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, na waliowabeba na kuwaimbia ni wanawake waliokuwa wamepona Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga. Mwanamke aliyefukuzwa na majirani zake kwa hofu akawa ndiye pekee anayeweza kumkumbatia mtoto bila kuvaa nguo za plastiki. Wimbo wa kubembeleza ulikuwa sehemu ya matibabu, na hakuna daktari aliyecheka.

Sasa tugeukie watoto waliobaki. Hapa tunaomba masikio ya akina baba pia, maana mara nyingi baba hukaa kwenye kilio na wanaume wenzake, akanywa, akazungumza habari za vita, na mtoto aliyefiwa na dada yake hakuna anayemwangalia.

Mtoto mdogo, wa miaka mitatu au minne, hajui kwamba kifo hakirudi nyuma. Ataambiwa Jumapili kwamba kaka amekufa, na Jumanne atauliza kaka anarudi lini. Si ujinga, wala si dharau. Jibuni tena, kwa maneno yaleyale. Karibu na miaka saba hivi wengi huanza kuelewa kwamba ni moja kwa moja, na hapo ndipo hofu inapoingia: na mimi je? Na mama je? Tena watoto hawaombolezi kama sisi. Mtoto atalia kidogo, kisha atakimbia kucheza mpira wa mifuko ya plastiki, kisha usiku atakojoa kitandani. Msimpige kwa kucheza, na msimpige kwa kukojoa. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka kama mvua ya hapa kwetu.

Kuna maneno mazuri yanayoumiza. Tunasema "amelala", na mtoto anaogopa kulala. Tunasema "amesafiri", na mtoto anakaa barabarani akingoja chukudu au gari litakalomleta, kisha anakasirika kwamba dada aliondoka bila kumuaga. Tunasema "Mungu alimpenda sana akamchukua", na mtoto anaanza kuogopa kupendwa na Mungu. Imani ya kila familia ibaki na ifundishwe. Lakini neno la kwanza liwe la kweli: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii tena maumivu, alikuwa na ugonjwa unaoitwa surua.

Na kuna jambo moja ambalo mtoto halisemi asipoulizwa kwa upole. Watoto wengi huamini kwamba wao ndio waliosababisha. Msichana aligombana na mdogo wake juu ya kipande cha muhogo, akasema "ufe", na baada ya siku nne mdogo akafa kwa surua. Atabeba jambo hilo mpaka awe bibi. Katika mlipuko mkubwa wa surua uliotangazwa kwisha Agosti 2020, watu zaidi ya 7,000 walikufa Kongo, sehemu kubwa wakiwa watoto wadogo. Hesabu wenyewe ni dada na kaka wangapi walibaki wakijiuliza. Mwambie mtoto waziwazi: maneno yako hayaui, kugombana hakuleti surua, surua huletwa na kijidudu kinachopita hewani, na chanjo ndiyo ingekizuia.

Kwa familia zilizohama kuna uchungu wa ziada, nao ni makaburi yaliyoachwa. Tangu vita viliporudi mwishoni mwa 2021, wengi wenu mmekimbia mara tatu, mara nne. Mlizika Rubaya au Mweso, mkakimbilia Sake, kisha Bulengo au Lushagala. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaanguka hata katika kambi za Mugunga na Lac Vert, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Mwezi wa Februari 2025, baada ya Goma kuchukuliwa, kambi zikavunjwa, na mkaondoka tena, na makaburi ya kule kambini yakabaki nayo. Machi 2025 vita vikafika Walikale-centre. Mtu hawezi kubeba kaburi mgongoni.

Anachoweza kubeba ni habari. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, wanawake walioishi na virusi vya UKIMWI walijiunga katika chama kiitwacho NACWOLA, wakati ambapo dawa zilikuwa bado haziwafikii. Walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ulizaliwa wapi, mvua ilinyesha siku hiyo, babu yako aliitwa nani, neno lako la kwanza, mimi mama yako ninaugua nini. Kuandika kulimlazimisha mama kumwambia mtoto ukweli wa ugonjwa wake mapema, wakiwa bado wanaweza kuulizana maswali. Sisi tunaona kazi hiyo inaweza kufanyika hapa kwa daftari la shule na kalamu, na kwa mtoto aliyekufa pia: jina lake, alipenda nini, alizikwa kando ya mti gani, kutoka kanisa ni hatua ngapi. Asiyejua kuandika amwambie mwalimu. Watoto wachore kaburi na njia ya kufika. Kisha fungeni karatasi hizo ndani ya plastiki pamoja na kadi za chanjo, maana ndizo mtakazozishika kwanza mkikimbia.

Tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, hadithi haishushi homa. Mtoto mwenye degedege apelekwe kituo cha afya kwanza, ngano zitamkuta kitandani. Pili, asilazimishwe mtu. OMS na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa kuwasaidia watu waliopatwa na balaa, wenye maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hamna humo neno "hoji". Mgeni akija na daftari na kamera akataka mama asimulie kifo cha mtoto kwa mara ya sita ili aandikwe kwenye orodha ya turubai na sabuni, kiongozi ana haki ya kusema hapana.

Viongozi, neno letu la mwisho ni lenu, nalo ni zito. Kifo cha mtoto kikifika mbele yenu, swali la kwanza liwe "ilikuwaje", si "ni nani". Aanze mama. Aeleze siku ya kwanza, ya pili, alikula nini, alikunywa maji ya wapi, walikwenda wapi kutafuta msaada na wakakuta nini. Muuguzi akiwepo na familia ikikubali, aeleze naye. Mkisikia watoto wawili wa mtaa mmoja wamekufa kwa kuharisha, tumeni habari kituo cha afya siku hiyohiyo, maana huenda mto ndio mkosaji. Na mkiona jina la mtu au la kabila linaanza kunong'onwa, mtu huyo alale kwa kiongozi usiku huo, kabla ya maneno mengine yoyote.

Sasa tunakaa. Tumeambiwa kwamba miongoni mwenu wapo wanaojua Mwindo kwa Kinyanga, na kwamba mama mmoja pale kushoto ana hadithi ya Kihunde juu ya mtoto na mto. Watoto waje mbele, wale wagonjwa wapewe mkeka ulio karibu na moto.